Mswaki Uani: Kuupanda, Kuutunza na Kula Matunda Yake

Mwulize kijana wa siku hizi mswaki ni nini. Atakutolea mfukoni kijiti kilichofungwa ndani ya nailoni, kimetoka Pakistani, au atakuonyesha brashi ya plastiki. Mwambie kwamba mswaki ni mti, una majani na maua, unazaa matunda matamu, na kwamba ulikuwa pwani hii kabla ya msikiti wa mtaani kwao kujengwa, atakutazama kama unamfanyia mzaha. Hata baadhi ya wazee wanaoutumia kila alfajiri hawajapata kuuona umesimama kwenye ardhi.

Mimi ninayo mitatu nyuma ya nyumba, hapa Lamu, na wa nne umo ndani ya debe. Ulio mkubwa sasa una miaka 11. Hazipiti wiki mbili bila mtu kubisha hodi: huyu anataka mche, yule ana mche lakini majani yamekuwa ya njano, mwingine amesikia tu kwamba kuna matunda na watoto wake wanataka kuyaonja. Majibu ninayotoa ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike pamoja.

Ni mti gani hasa

Mswaki ninaousema ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Kwetu neno mswaki limebeba mambo matatu kwa pamoja: mti, kijiti, na siku hizi hata brashi ya dukani. Waarabu wametenganisha; mti wao huuita araki, na kijiti ndicho siwaki au miswaki. Jina Salvadora lilitungwa mwaka 1749 na Laurent Garcin kwa heshima ya Juan Salvador y Bosca, mwuza dawa wa Barcelona. Hilo persica ni kwa sababu mmea ulioelezwa ulitoka Uajemi, na ndilo linalowapoteza watu wakadhani mti huu ni mgeni aliyeletwa na majahazi. Si mgeni. Umeenea Afrika kuanzia ukanda wa Saheli hadi kusini ya bara, ukavuka Arabuni na Uajemi hadi Bara Hindi. Hapa Kenya kila jamii ya nchi kavu ina jina lake: Waturkana huuita esekon, Wasomali caday, Wamaasai oremit, Wakamba mukayau. Watu hawatii jina la kwao mti wasiouishi nao. Huku pwani utauona nyuma ya mikoko, pale maji ya bamvua yanapofika mara chache, na kwenye nyanda za chumvi ambako miti mingine imekata tamaa.

Ni kichaka zaidi kuliko mti. Mara nyingi huishia meta 3, ukiachwa hufika 6 na kupita. Matawi huanzia chini kabisa, ni meupe-meupe, membamba, na ncha zake huning'inia. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana, yana unene kidogo, rangi ya kijani iliyofifia, na hayapukutiki wakati wa kiangazi. Maua ni madogo mno, meupe yaliyochanganyika na kijani, yamekusanyika katika vishada, na nyuki huyajua kabla yako. Matunda ni ya duara, kipenyo cha milimita 5 hadi 10, kila moja na mbegu moja tu ndani.

Hauna miiba. Kuna jamaa yake wa ukoo huo huo mwenye miiba minne kila panapotoka majani. Ukichomwa, jua hujafika kwa mswaki. Jamaa mwingine ni mkupa, ambao matunda yake ni makubwa zaidi. Ukisharidhika na umbo, kuna kipimo kimoja kisichodanganya: tafuna jani bichi. Jani la mswaki lina ukali wa haradali unaopanda puani. Lakini angalia umbo kwanza, utafune baadaye, maana katika bustani zetu za mapambo kuna oleanda, ambayo ni sumu kuanzia jani hadi mti, na kuna utupa ambao utomvu wake ukiingia machoni ni balaa.

Maji ya munyu

Tunayo miti mingine ya kiasili yenye matunda madogo ambayo mtu angeweza kuipanda. Uko mkwamba wenye matunda meupe, uko mkone, uko mchongoma. Yote ni mizuri na sina ugomvi nayo. Mswaki nauweka mbele kwa sababu ya maji.

Anayeishi Lamu haambiwi habari hii. Maji matamu ya mji wetu hutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Mvua huzama mchangani, na maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kama mafuta yanavyoelea kwenye mchuzi. Ukichota kwa kiasi, unapata matamu. Ukivuta kwa pampu usiku na mchana, maji ya bahari hupanda. Visima vingi vya mjini vimekuwa munyu, na si Lamu pekee. Waulizeni watu wa Pate, au wenye nyumba karibu na ufuo kuanzia Malindi mpaka Msambweni. Maji ya kunywa tunanunua kwa madumu. Ni nani atakayenunua dumu la maji akammiminie mti?

Ndipo bustani zinapokufa. Asmini hutaka maji matamu, mrehani hutaka maji matamu, waridi ndiyo usiseme. Nimeona nyua zilizokuwa zikinukia vikuba vizima zikaishia kuwekwa saruji, mwenyewe akisema ardhi imeharibika. Ardhi haijaharibika kwa kila kitu. Mswaki ukishashika, humwagiliwi maji ya kisima cha munyu ukalalamika. Umezaliwa katika hayo. Huko Gujarat, India, wataalamu wa udongo wameupanda kwa makusudi kwenye ardhi iliyoliwa na chumvi, mahali ambapo mazao ya kawaida hayaoti, na mbegu zake wanazikamua mafuta ya kutengenezea sabuni. Upepo wa kusi unaoleta rasharasha za bahari na kuunguza majani ya miembe ya mbele ya pwani, kwa mswaki ni upepo tu.

Kuna jambo nililolisoma katika tafsiri ya Sura ya Saba ambalo halikunitoka akilini. Watu wa Sabaa walikuwa na bustani mbili, kulia na kushoto, kisha bwawa lao likavunjika. Bustani zao zikabadilishwa zikawa za khamti, mvinje na mikunazi kidogo. Wafasiri kadhaa, wakitegemea kauli ya Ibn Abbas, wamesema hiyo khamti ni araki, yaani mswaki. Wenye elimu watalieleza kwa undani wake, mimi ninalitazama kwa jicho la mkulima: maji yalipoondoka, iliyobaki ni miti isiyohitaji mtu wa kuihudumia. Sisi nasi maji yanatuondoka.

Mbegu na miche

Njia ya kwanza ni mbegu. Chukua matunda yaliyoiva kabisa, yale ya rangi ya zambarau iliyokoza. Siku hiyo hiyo yafikiche ndani ya maji mpaka nyama yote itoke na mbegu ibaki safi. Jambo hili wengi hulipuuza, wakazika tunda zima, wakangoja mwezi mzima bila kuona kitu. Ile nyama ina kitu kinachozuia mbegu kuota. Porini kazi ya kuiondoa hufanywa na matumbo ya ndege. Ukishazisafisha, ziloweke kwa saa 24, uzipande moja kwa moja. Usiziweke kabatini ukasema utapanda mwakani, kwa kuwa hazina subira hiyo.

Chombo kiwe kirefu. Mswaki hupeleka mzizi mkuu chini kabla haujajishughulisha na majani, kwa hiyo pakiti ya maziwa ya nusu lita haufai zaidi ya wiki chache. Mimi hutumia chupa za maji za lita 1.5 zilizokatwa shingo na kutobolewa chini. Udongo wangu ni mchanga sehemu mbili, udongo wa kawaida sehemu moja, na samadi iliyooza vizuri nusu sehemu. Mbegu ifukie sentimita moja tu. Weka chini ya kivuli cha makuti yaliyopangwa mbali mbali ili jua lipenye kidogo. Na hapa ndipo utakapotoa maji matamu bila choyo: mti mzima hustahimili munyu, lakini mbegu inayochipua bado ni mtoto. Kikombe cha maji ya dumu kila asubuhi kinatosha chupa kumi. Uani kwangu huchomoza baada ya wiki mbili au tatu. Mche ukishakuwa na majani sita au manane, anza kuchanganya maji ya kisima kidogo kidogo ili uzoee.

Njia ya pili ni rahisi kama una jirani mwenye mti. Mswaki mkubwa hutoa machipukizi kutoka kwenye mizizi ya pembeni. Subiri mvua zianze, chimbua chipukizi lenye kimo cha shibiri mbili, ulikate pamoja na kipande cha mzizi wake, ulitie ndani ya chombo kivulini kwa miezi miwili kabla ya kulihamisha. Vijiti vya kukata na kuchomeka ardhini, kama tufanyavyo muhogo, hushika kwa taabu sana. Kumi ukichomeka, ukipata mmoja shukuru.

Wako wanaouza miche barabarani. Wengine ni waaminifu, wengine watakuuzia kitu chochote chenye jani la kijani na kukiita mswaki, kwa hiyo kumbuka kipimo cha haradali. Anayetaka ushauri wa miti ya kiasili kwa jumla anaweza pia kufika kituo cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kilichoko Gede.

Kupanda na kulea

Panda masika yanapoanza. Wa vuli nao huishi, ila kaskazi inayofuata huja na jua kali na mche bado mchanga, utalazimika kuulinda zaidi. Chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana huo huo. Kwenye ardhi ya matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, vunja jiwe la chini kwa mtaimbo mpaka upate ufa. Mzizi mkuu ukipata ufa mmoja utajitafutia mwingine. Rudisha udongo ule ule uliochanganywa na karai moja ya samadi. Mbolea ya dukani sijawahi kuutilia na sioni haja.

Mti mmoja wa kujisimamia upe nafasi ya meta 4 kutoka ukutani, na uuweke mbali na karo na tangi la chini ya ardhi, kwa kuwa mizizi yake hutembea. Ukitaka ua wa kuzuia upepo na macho ya wapita njia, panda kila baada ya meta moja na nusu. Ua wa mswaki ni mzito, wa kijani mwaka mzima, na haukwaruzi mtoto anayepita mbio. Kwa maoni yangu unapita ua wa michongoma, ingawa najua wako watakaonipinga kwa hoja ya wezi.

Mwaka wa kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki mvua isiponyesha, ndoo nusu kila mara. Mwaka wa pili mara moja. Masika ya pili yakishapita, uache. Maji yaliyotuama ndiyo yanayoleta ile njano ya majani ninayoulizwa kila siku. Watu huona mti wa jangwani wakauhurumia, wakaumwagilia asubuhi na jioni, mizizi ikaoza.

Adui mkubwa ni mbuzi. Mbuzi, punda na ngamia wote hulipenda jani la mswaki, na jirani yako atakuapia kwamba mbuzi wake wamefungwa. Zungushia nyavu kuukuu za kuvulia juu ya fito nne mpaka mti upite kimo cha mtu. Wadudu sijaona wa kutisha, na mchwa hawauwezi sana mti wenyewe.

Jambo ambalo lazima nilisema mapema ni kwamba hauna haraka. Wangu wa kwanza ulimaliza mwaka ukiwa umefika magotini. Mwaka wa tatu ulinipita kifua. Tunda la kwanza niliona mwaka wa tano, na yalikuwa machache ya kuhesabika. Anayetaka kivuli cha mwaka huu apande kitu kingine. Lakini huu hupogolewa utakavyo. Ukate mpaka karibu na ardhi na utachipua upya kwa matawi mengi zaidi. Mimi hupogoa baada ya matunda kwisha, natoa matawi yanayotambaa chini na yaliyosongamana katikati, na vile vilivyonyooka naviweka kando kwa kazi nitakayoieleza mbele.

Matunda

Vishada huanza na tunda la kijani, likawa pinki, likawa jekundu, kisha zambarau inayokaribia weusi. Hayaivi kwa pamoja. Kwenye kishada kimoja utakuta rangi zote, kwa hivyo huvuni kwa kukwanyua kishada, unachuma moja moja kwa vidole. Ni kazi ya watoto, na watoto huifanya vizuri kuliko sisi.

Utamu wake ni wa namna yake. Kwanza sukari, kisha pilipili nyepesi inafuata nyuma na kuacha kinywa kikiwa baridi. Jekundu lina ukali mwingi kuliko utamu. Jeusi ndilo lenyewe. Hilo si neno langu mimi: katika Sahih Bukhari imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdullah kwamba walikuwa pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, mahali paitwapo Marr adh-Dhahran, wakichuma matunda ya araki, naye akawaelekeza wachukue yaliyo meusi kwa kuwa hayo ndiyo mazuri zaidi. Wakamwuliza kama aliwahi kuchunga mbuzi, maana anayejua hayo ni mchungaji. Akajibu kwamba hakuna nabii ila alichunga. Kila nikiisimulia hadithi hii kwa vijana wa madrasa waliokuja kuchuma, nyuso zao hubadilika. Wengi walijua sunna ya kijiti, hawakujua kwamba mti una matunda wala kwamba Mtume aliyajua kwa rangi.

Ndege wanajua pia. Shore na kuzumburu watakutangulia alfajiri, na ukitaka bakuli lijae funika tawi moja kwa chandarua kuukuu cha mbu, mengine waachie. Wao ndio wanaoupanda mswaki huko nje bila malipo.

Kula mabichi, kiganja kimoja au viwili. Zaidi ya hapo ule ukali utaudhi tumbo. Yaliyobaki yaanike juani juu ya mkeka kwa siku tatu au nne, uyageuze, uyaingize ndani jioni kwa ajili ya umande. Yakikauka hukunjamana kama zabibu na hukaa. Waturkana huyala mabichi na huyakausha, nao huyahesabu chakula hasa, si kichezeo cha watoto. Kwangu tumeyatia kwenye uji wa futari na yakaingia vizuri, na mke wangu huyasaga na embe mbichi na chumvi akafanya chatine ambayo wageni huiulizia jina lake. Jani changa nalo huliwa, likikatwa jembamba ndani ya kachumbari, kwa anayependa ukali.

Kijiti bila kuua mti

Kijiti kizuri kina unene wa kidole kidogo na urefu wa shibiri moja. Wengi hupendelea mzizi, kwa kuwa ni laini na ukali wake ni mwingi. Tawi nalo linafaa kabisa, na mwenye mti uani hana sababu ya kugusa mizizi kila mara. Nikitaka mzizi, nafukua upande mmoja tu wa mti, nachukua mizizi miwili ya pembeni iliyo mbali na shina, nafukia, na upande huo siurudii kwa miaka miwili.

Menya ganda la sentimita moja mwishoni, tafuna mpaka nyuzi zifumuke, kisha sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Nyuzi zikichoka baada ya siku moja au mbili, kata kipande hicho na umenye kipya. Kikikauka, kiloweke kidogo. Ndani yake kuna ule ukali wa haradali unaopambana na vijidudu, chembe za silika zinazosugua, na chumvichumvi nyingine, ikiwemo floraidi. Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 lilihimiza matumizi yake mahali ambako ni desturi. Hata hivyo mtoto mwenye jino lililotoboka apelekwe kwa daktari wa meno. Kijiti husafisha, hakizibi tundu.

Huko porini

Muuza miswaki mmoja ninayenunua kwake tangu ujana wangu aliniambia kwamba alipoanza kazi alikuwa akivuka ng'ambo alfajiri, anachimba, na adhuhuri yuko mlangoni pa msikiti na mafurushi yake. Sasa hachimbi. Anangoja mzigo uje kwa basi kutoka Garissa, na mwezi wa Ramadhani bei hupanda kwa sababu wote wanangoja basi hilo hilo. Miti aliyokuwa akiichimba imekwenda wapi? Mingine iling'olewa mizima, kwa kuwa mchimbaji mwenye haraka hachukui mizizi miwili ya upande mmoja, anachukua yote. Mingi zaidi imefagiliwa na tingatinga pale maeneo ya nyuma ya mikoko yalipokatwa ploti. Kichaka kilichoshika mchanga kwa miaka kinaondolewa asubuhi moja, kisha mwenye ploti anajenga ukuta wa kuzuia mchanga usimwingilie, na nyuma ya ukuta anapanda nyasi za kununua zinazotaka maji matamu kila siku. Sielewi hesabu hiyo.

Nimewahi kupendekeza mbele ya wazee wa mtaa, na narudia hapa, kwamba kila msikiti wenye kiwanja upande miswaki minne au mitano mahali yanapomwagikia maji ya udhu. Maji hayo hayana sabuni, hayakosekani mara tano kwa siku, na sasa yanapotea mtaroni. Makaburini na kwenye nyua za madrasa panafaa vilevile. Mtu mmoja alinijibu kwamba watu watakata ovyo mpaka miti ife. Huenda. Lakini mti huu hukatwa ukachipua. Kinachouua ni kung'olewa mizizi, na hilo mwadhini mmoja mwenye sauti analizuia. Gharama yake ni chupa za plastiki zilizotupwa, mbegu, na mtu wa kufukuza mbuzi kwa miaka mitatu.

Kwa wale wa ghorofani huko Mombasa wanaoniuliza kama hawana lao: chukua debe la lita 20, litoboe chini mashimo sita, weka kokoto, kisha ule mchanganyiko wa mchanga nilioutaja, na uliweke roshani panapopata jua angalau nusu siku. Mwagilia pale tu udongo unapokauka kina cha kidole. Kila baada ya miaka miwili utoe, upunguze mizizi ya pembeni, ambayo ndiyo miswaki yako, na uurudishe na udongo mpya. Utabaki mfupi. Wangu wa debeni una miaka minne, umenipa vijiti sita mwaka huu, na tunda bado sijaliona.